Redio Iliyonyamaza Malindi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Vita

Kisa kilianzia barazani, mtaa wa Shela hapa Malindi, baada ya swala ya alasiri, saa ambayo muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Mzee mmoja ambaye mtaa mzima humwita Babu alikuwa akisimulia habari aliyoisikia kwa marehemu baba yake. Mwaka 1940, Wataliani walipokuja na ndege wakaipiga Malindi mabomu, redio ya dukani kwa Mhindi ilinyamaza. Haikupasuka wala haikuungua. Ilikuwa ikisema, kisha ikawa inakoroma tu, na sauti haikurudi mpaka jua lilipokuwa linakwenda kutua. Baba yake aliamini hadi kufa kwake kwamba ni yale mabomu.

Mjukuu wa Babu, kijana wa chuo kikuu aliyekuja likizo, akatoa simu mfukoni. "Babu, hiyo imeshathibitishwa. Wanasayansi wa Uingereza wamegundua kwamba mabomu ya Vita vya Pili yalitikisa mpaka anga za juu."

Baraza likachangamka. Mmoja akasema mbingu haitikiswi na mkono wa kiumbe. Mwingine akauliza kama ndiyo sababu mvua za siku hizi hazieleweki. Babu akanigeukia mimi ninayefundisha watoto wao fizikia. "Mwalimu, wewe ndiwe mwenye elimu ya mambo haya. Ni kweli ama ni porojo?"

Nilimwomba siku chache. Jibu la "kweli" lingemfurahisha yeye na mjukuu wake, na jibu la "porojo" lingenifurahisha mimi, na yote mawili yangekuwa ya uvivu. Kisa hiki kina mambo mawili yaliyoshonwa pamoja, nayo lazima yafumuliwe kwanza: utafiti wa kweli uliofanywa mbali, na kumbukumbu ya hapa nyumbani.

Kuhusu mabomu yenyewe hakuna ubishi. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na Somalia ya kusini ilikuwa mikononi mwake, jirani kabisa na sisi. Tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo ndege za Mtaliani ziliishambulia Malindi kutoka angani. Mgeni anayetembea leo mjini, akisalimiwa "ciao" na muuza vinyago na kukuta orodha za chakula zimeandikwa Kitaliano, huona ni kama hadithi ya kubuni. Lakini ilitokea, na hofu ya ndege haikuwaondoka watu mpaka majeshi ya Uingereza yalipovuka kuingia Somalia na kufika Mogadishu tarehe 25 Februari 1941.

Basi sehemu ya kwanza ya masimulizi ya Babu ina mguu wa kusimamia. Iliyobaki ni redio.

Alichokisoma kijana kwenye simu

Utafiti wenyewe ulichapishwa Septemba 2018 na watu wawili wa Chuo Kikuu cha Reading, Chris Scott na Patrick Major. Scott ni mwanafizikia wa anga, Major ni mwanahistoria. Sisiti kusema kwamba bila mwanahistoria kazi isingefanyika: yeye ndiye aliyejua ni mji upi ulipigwa, siku gani, saa ngapi, na kwa tani ngapi za mabomu. Mwanafizikia alikuwa na karatasi za upande wa pili, vipimo vya anga vilivyochukuliwa Ditton Park, karibu na mji wa Slough, magharibi ya London.

Vipimo hivyo vinahitaji maelezo, maana hapo ndipo kiini cha kisa kilipo. Juu yetu, kuanzia kiasi cha kilomita 60 na kupanda hadi mamia ya kilomita, mwanga mkali wa jua huzipasua chembe za hewa na kuachia elektroni huru. Eneo hilo huitwa ionosfia. Kwa redio ya masafa mafupi, elektroni zile ni kama dari: wimbi hupanda, hugonga, hurudi chini mbali sana na lilikotoka. Ndiyo sababu babu zetu waliweza kuisikiliza London kutoka Malindi bila setilaiti wala waya. Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwa dari hiyo Desemba 1924, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Namna ya kuipima ni rahisi kuieleza. Unarusha wimbi wima kwenda juu na kusubiri mwangwi. Unapandisha frikwensi, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, kidogo kidogo. Mwangwi unaendelea kurudi, unarudi, mpaka unafika frikwensi ambayo wimbi linapenya na kupotea moja kwa moja angani. Frikwensi hiyo ya mwisho ndiyo inayokuambia elektroni ni nyingi kiasi gani. Dari nene hurudisha hata mawimbi ya frikwensi za juu, dari nyembamba hupenywa mapema.

Pale Slough walikuwa wakifanya kazi hii tangu miaka ya 1930, na vita vilipokuja hawakuacha. Hawakuwa na haja na mabomu hata kidogo. Jeshi lilihitaji kujua kesho litumie frikwensi ipi kuzungumza na meli na vikosi vilivyo mbali. Kwa hiyo siku ikipita, kipimo kinachukuliwa. Siku ya vita, siku ya mvua, siku ambayo hakuna lolote, kipimo kinachukuliwa. Zaidi ya miaka 70 baadaye Scott na Major wakavifungua vitabu vile na kuuliza swali ambalo walioviandika hawakuliwaza: siku za mashambulizi makubwa ya ndege katika Ulaya, dari ilikuwaje?

Walichukua mashambulizi 152 yaliyofanywa na majeshi ya Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao. Mengine yalikuwa mbali sana na Slough, kama yale ya Berlin, karibu kilomita 1,000 kutoka pale.

Kwa nini hawakuchukua mashambulizi ya Wajerumani juu ya London, ambayo yalikuwa mlangoni kabisa mwa Slough? Nilipouliza swali hili darasani, wanafunzi wangu wote walidhani yale ndiyo yangefaa zaidi. Kumbe hayafai. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940 London ilipigwa karibu kila usiku, 56 kati ya 57. Bomu likianguka karibu kila usiku, huna siku tupu ya kulinganisha nayo, na badiliko la mabomu linachanganyika na badiliko la majira. Tena ndege za Mjerumani zilikuwa za injini mbili, mzigo wake mdogo, wakati zile za Washirika za injini nne zilibeba mabomu mazito zaidi, hadi lile la tani kumi la mwaka 1945.

Amina ya msikitini

Shida ya kazi hii ni kwamba ionosfia haitulii. Jua huibadilisha, dhoruba za sumaku huibadilisha, ngurumo na radi za chini nazo huipandia. Ukichukua siku moja ya shambulizi ukaona elektroni zimepungua, hujajua kitu.

Njia waliyotumia niliieleza hivi barazani. Simama nje ya msikiti kabla ya swala: utasikia kila mtu na lake, huyu anakohoa, yule anasalimia, hakuna neno linalosikika. Imamu akimaliza Fatiha, wote wanasema "amina" kwa pamoja, na sauti hiyo inafika mpaka barabarani. Scott na Major walizipanga siku za mashambulizi moja juu ya nyingine, kila moja ikilinganishwa na saa ya kipimo cha Slough, saa sita mchana. Kelele za kila siku, kwa kuwa hazifanani, zinakatana zenyewe kwa zenyewe. Kama mabomu yana jambo la pamoja, litasikika kama amina.

Likasikika. Frikwensi ile ya mwisho ilishuka kwa kiasi cha megahezi 0.3. Ili mtu aone maana yake: kama dari ya siku hiyo ilikuwa ya megahezi 6, imeshuka mpaka 5.7, na kwa kuwa idadi ya elektroni hufuata mraba wa frikwensi, hapo umepoteza karibu elektroni moja katika kila kumi. Si kutobolewa kwa mbingu. Ni upungufu mdogo, unaopimika, na unaopona baada ya muda.

Sababu wanayoitoa inaeleweka. Mshindo wa mlipuko hupanda juu kama wimbi, na kadiri hewa inavyokuwa nyepesi ndivyo wimbi linavyotanuka, mpaka likifika juu kabisa nguvu yake inageuka joto. Hewa ya kule ikipata joto, ayoni za oksijeni, yaani chembe zilizopoteza elektroni, humezwa haraka zaidi katika mchanganyiko na hewa nyingine, na elektroni nazo hupungua pamoja nazo. Watafiti walisema kila shambulizi lilitoa nguvu sawa na radi zisizopungua 300. Mimi huwaambia wanafunzi hesabu ya nyumbani: tani 300 za baruti kali ni kiasi cha uniti 350,000 za umeme, zile zile tunazonunua kwa tokeni, zote zikitoka kwa dakika chache.

Sasa mashaka yangu, maana baraza halikuniita nije kusifu. Watafiti hawakujaribu kipimo kimoja tu. Walirudia hesabu kwa viwango vingi: mashambulizi ya tani 100 na kuendelea, ya 200, mpaka 800, na kwa saa mbalimbali kabla ya kipimo. Matokeo makali zaidi yalipatikana kwa mashambulizi 20 yaliyotokea ndani ya saa 5 kabla ya saa sita mchana, kila moja likiwa na tani 300 au zaidi. Ukali wake ulikuwa sigma 2.99. Kwa lugha ya kawaida, bahati tupu ingekufikisha umbali huo takriban mara moja katika majaribio 360. Inaonekana imara. Lakini ukitupa nyavu mara nyingi kisha ukaonyesha watu samaki mkubwa peke yake, lazima mtu akuulize ulitupa mara ngapi. Na siku 20 si nyingi.

Nadhani hata hivyo wamepona swali hilo. Dalili haikutokea mahali pamoja na kupotea jirani. Ilionekana mfululizo, kwa mashambulizi ya saa 3 hadi 7 kabla ya kipimo, na kwa viwango vingi vya tani vilivyopakana. Bahati haina tabia ya kukaa mtaa mmoja namna hiyo. Tena walizitoa kwenye hesabu siku zote za dhoruba kubwa za sumaku, ambazo zingeweza kudanganya.

Juu ya bahati na mabomu kuna kisa cha pembeni ambacho siwezi kukiacha. Mabomu ya V-1, yale ya Mjerumani yaliyoruka yenyewe bila rubani, yalipokuwa yakianguka London mwaka 1944, watu waliapa kwamba yanachagua mitaa. Baada ya vita mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, aliigawa London ya kusini katika miraba 576, kila mmoja robo ya kilomita mraba, akahesabu mabomu 537. Miraba 229 haikuguswa kabisa, 211 ilipigwa mara moja, 93 mara mbili, na 8 ilipigwa mara nne au zaidi. Ukiitazama ile minane unaona kisasi. Ukiweka kanuni ya bahati kando yake, unakuta ndivyo inavyotakiwa iwe, karibu mraba kwa mraba. Mwenye nyumba iliyopigwa mara nne huwezi kumwambia hivyo, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Kuileta Malindi

Mjukuu alikuwa ameruka hapa: Ulaya imethibitishwa, basi na Malindi imethibitishwa. Tupige hesabu.

Dalili ya Slough ilihitaji mashambulizi ya tani 100 kwenda juu, na ilikuwa kali zaidi kwenye tani 300. Ndege za mabomu za Italia za wakati ule zilibeba kati ya tani moja na mbili. Kufikisha tani 300 wangehitaji ndege kati ya 150 na 300, zote juu ya Malindi siku moja. Na ndege zote walizokuwa nazo Afrika Mashariki vita vilipoanza, za kila aina, nzima na mbovu, kutoka Asmara mpaka Mogadishu, zilikuwa kiasi cha 325. Hata Mtaliani angeacha vita vyote vingine akaja kwetu na kila chenye bawa, angefika ukingoni tu mwa kile kinachoonekana.

Kijana akajibu, na jibu lake halikuwa baya: "Lakini Mwalimu, Slough ilikuwa mbali na mabomu. Hapa yalianguka chini yetu hasa. Ukaribu haulipi upungufu wa tani?"

Ukaribu husaidia, na vyombo vya leo ni vikali kuliko vya zamani. Bandari ya Beirut ilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020, vipokezi vya GPS vya eneo lile viliona mawimbi kwenye ionosfia. Lakini kuona wimbi kwa chombo cha sayansi ni jambo moja na redio ya dukani kunyamaza kutwa nzima ni jambo lingine. Hata upungufu kamili wa Slough, megahezi 0.3, usingeikausha redio. Ungeondoa kituo kilichokuwa ukingoni kabisa mwa dari, na vingine vingeendelea kusema kama kawaida.

Kwa hiyo bomu halikuinyamazisha redio ya Mhindi. Hilo nilikuwa nalo mkononi siku ya pili, na ningeweza kurudi barazani nimeshiba ushindi. Kilichonizuia ni ile sehemu ya mwisho ya masimulizi: haikurudi mpaka jua lilipokuwa linakwenda kutua. Mtu anayetunga uongo hatungi hivyo. Anasema redio ilikufa, au ilirudi kesho yake. Huyu aliyesimulia aliiona sauti ikirudi jioni, na mtu anayejua redio akisikia "jioni" masikio yanamsimama.

Chini ya ile dari niliyoieleza kuna tabaka jingine, la chini kabisa, kiasi cha kilomita 60 mpaka 90. Hilo halirudishi wimbi la masafa mafupi, hulimeza. Hujengwa na jua kila asubuhi, hukomaa saa sita mchana, na jua likizama hutoweka. Mawimbi ya frikwensi za chini ndiyo yanayomezwa zaidi. Na jua linapokuwa juu ya utosi ndipo tabaka hili linapokuwa nene. Tarehe 24 Oktoba jua la saa sita linakaribia utosi wa Malindi, limepungua nyuzi kama tisa tu. Kusi limekwisha, kaskazi haijaingia, anga ni jeupe. Redio ya mwaka 1940, yenye betri nzito na waya uliotundikwa juu ya mnazi, ikiwa imewekwa kwenye kituo cha mbali cha frikwensi ya chini, ilikuwa na kila sababu ya kuanza kukoroma kadiri jua linavyopanda na kupata sauti tena jioni. Siku ile, na siku ya kabla yake, na kesho yake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa nimeuliza swali lililo jepesi kuliko yote. Nikarudi Shela.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hukumu?"

"Nimekuja na swali. Siku nyingine, zile zisizo na mabomu, redio ile ilikuwa ikisema mchana?"

Akafikiri kitambo. Akacheka. "Siku nyingine nani alikuwa akiisikiliza mchana? Watu wako baharini, wako mashambani. Redio ilisikilizwa usiku, habari za vita. Siku ile ndiyo walikimbilia dukani mchana, wasikie imekuwaje."

Sidhani kama nahitaji kuongeza kitu juu ya jibu hilo. Baba yake hakusema uongo hata neno moja. Redio ilikoroma, mabomu yalianguka, na vyote viwili vilikuwa siku moja.

Waliotangulia kutazama chini

Mjukuu hakufurahi. Alisema, "Kwa hiyo ile habari ya kwenye simu ni bure." Si bure. Kosa lake lilikuwa kuchukua habari ya kweli na kuibebesha mzigo aliokuja nao nyumbani, na kosa hilo limewahi kufanywa na wakubwa kuliko yeye, kwa gharama kubwa kuliko mabishano ya kahawa.

Wakati wa vita vilevile, wanasayansi Solly Zuckerman na J. D. Bernal waliongoza uchunguzi wa miji ya Hull na Birmingham huko Uingereza, kujua mabomu ya Mjerumani yaliwafanya nini watu wa miji hiyo. Walihesabu nyumba, majeruhi, siku za kazi zilizopotea, na huko Hull wakakusanya insha za watoto wa shule kuhusu walivyopita usiku wa mabomu. Walichokuta ni kwamba hakukuwa na dalili ya watu wa miji ile kuvunjika moyo kwa jumla. Lakini mshauri wa Churchill, Frederick Lindemann, tarehe 30 Machi 1942, kabla ripoti haijakamilika, alimwandikia waziri mkuu akitumia uchunguzi huohuo kusema kwamba kubomolewa nyumba ndiko kunakovunja moyo wa watu kuliko yote, na kwa hiyo miji 58 mikubwa ya Ujerumani ibomolewe. Mwanasayansi mwingine, Henry Tizard, aliikagua hesabu ya nyumba akasema imezidishwa mara tano. Mwanafizikia Patrick Blackett akasema mara sita. Hawakusikilizwa.

Mjukuu aliniambia, kwa adabu lakini kwa uchungu kidogo, kwamba yeye hajabomoa mji wa mtu. Ni kweli.

Kuna jambo moja ambalo nililiweka akiba mpaka kahawa ya mwisho, kwa kuwa linachekesha. Haikupita miaka 27 tangu mabomu yale, Mtaliani akarudi tena angani hapahapa kwetu. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, roketi iliondoka na setilaiti ya San Marco 2. Aliyeongoza kazi hiyo, Luigi Broglio, alikuwa profesa na pia afisa wa jeshi la anga la Italia. Na setilaiti ilikwenda kupima nini? Uzito wa hewa kule juu, na ionosfia. Dari ileile. Baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa hilohilo likarusha setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa heshima ya siku ya uhuru wetu. Hadi leo kuna kipokezi cha GPS hapa Malindi ambacho watafiti hukitumia kuhesabu elektroni zilizo juu yetu, na anga letu lina thamani kwao kwa sababu liko upande wa kusini wa ikweta ya sumaku ya dunia, karibu na pale elektroni zinaporundikana.

Kwa hiyo bomu kubwa likianguka leo mahali popote pwani, Mungu aepushe, tutakuwa na cha kulinganisha. Mwaka 1940 hakikuwapo.

Babu alisikiliza yote haya akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Wale wa Slough walikuwa wakipima saa ngapi?"

"Saa sita mchana, Babu."

"Kila siku? Bomu lianguke lisianguke?"

"Kila siku."

Akakigeuza kikombe juu chini kwenye sinia. "Saa sita hiyohiyo, siku ile ya Mtaliani, muadhini wetu alikuwa uani mwa msikiti anapima kivuli cha kijiti, ajue adhuhuri imeingia. Baba aliniambia. Ndege zimekuja, zimekwenda, yeye na kijiti chake." Akanyamaza kidogo. "Ila yeye hakuandika."